Kilti ya Kiskoti: mwongozo kamili wa kuichagua, kuipima na kuivaa ikakukaa

Kila inapokaribia miezi ya harusi hapa Glasgow, simu yangu hujaa picha. Ndugu amealikwa, amekodi kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti yenye marinda nyuma, ameivaa mbele ya kioo, na sasa anauliza kwa nini haimkai kama inavyowakaa wenyeji. Picha karibu zote zina kosa lile lile: kilti imeshushwa nyongani kama suruali ya jinzi, upindo umefika katikati ya muundi, na nyuma marinda yametawanyika ovyo.

Nimeeleza kwa ujumbe wa sauti mara nyingi mno. Leo nayaandika yote, hatua kwa hatua. Kama una haraka na unataka jambo moja tu, chukua hili: kilti hukaa kitovuni. Ukilikosea hilo, hata kilti iliyoshonwa kwa mkono na fundi bora wa Edinburgh itakuharibikia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kilti yenyewe, ya sufu.
- Sporani, yaani kile kipochi kinachoning'inia mbele. Kilti haina mifuko, kwa hiyo simu na funguo huingia humo.
- Mkanda au mnyororo wa sporani. Hakikisha umo kwenye mfuko wa kukodi, husahaulika sana.
- Shati, na tai ya kawaida au tai ya kipepeo.
- Koti fupi la kilti na kizibao chake.
- Soksi ndefu nzito za sufu.
- Vitepe viwili vyenye mpira, vya kushikia soksi.
- Viatu vya gili: vyeusi, havina ulimi, na kamba zake ni ndefu kupita kiasi cha kawaida.
- Pini ya kilti.
- Kisu kidogo cha soksini, sgian dubh, ukitaka.
- Tepu ya fundi cherehani, mtu wa kukupima, na kioo kinachoonyesha mwili mzima.

Huyo mtu wa kukupima si wa hiari. Ukijipima mwenyewe utainama, na ukiinama vipimo vyote vinabadilika.

## Hatua ya 1: Kukodi au kununua

Kama ni harusi moja, kodi. Maduka ya kukodi hukupa vazi zima kuanzia koti hadi viatu, na bwana harusi mara nyingi ameshachagua tartani (mistari na rangi za kitambaa) ya wasaidizi wake. Muulize kabla hujaenda dukani. Nimeona mtu amefika na rangi yake mwenyewe kati ya watu sita waliovaa sare, na picha za familia ya watu zitabaki hivyo miaka yote.

Nunua kama unaishi huku na utaivaa mara kwa mara: harusi, usiku wa kumkumbuka mshairi Robert Burns tarehe 25 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Andrea tarehe 30 Novemba, mahafali ya watoto. Kilti ya sufu iliyoshonwa kwa mkono hugharimu mamia ya pauni, lakini hudumu miaka mingi, na mshono wa kiunoni huachwa na nafasi ya kusogeza bizimu mwili ukiongezeka au ukipungua.

Tahadhari: kwenye maduka ya watalii utakuta kilti za akriliki kwa bei ya chakula cha jioni. Kwa kwenda uwanjani kutazama raga zinatosha. Kwa harusi, hapana. Kitambaa chepesi cha plastiki hakiangushi marinda, na upepo wa Uskoti haukuhurumii.

## Hatua ya 2: Chagua tartani

Tartani ni ule mpangilio wa mistari na miraba. Nyingi zina jina la ukoo, nyingine za mji au wilaya, nyingine za wote. Wengi wetu tunaogopa hapa: "Mimi si MacDonald, nitavaa ya nani?" Hakuna sheria inayokukataza kuvaa tartani ya ukoo usio wako. Iliyohifadhiwa kwa desturi ni kama ile ya Balmoral, ya familia ya kifalme, hiyo iache.

Kama huna ukoo wa Kiskoti, una njia tatu nzuri:

Tartani za wote. Black Watch, ya kijani kilichoiva na buluu ya giza, haijawahi kumwangusha mtu. Inakubali koti lolote na tai yoyote. Isle of Skye, yenye zambarau na kijani, ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na huvaliwa na yeyote.

Tartani ya mahali. Glasgow inayo yake, Edinburgh inayo yake. Mtu aliyesomea au kuzalia watoto mjini humo ana haki kamili ya kuona fahari kuivaa.

Tartani ya wakwe. Kama umeoa au unaoa kwao, waulize. Ukiwaambia wazee wa mke wako kwamba ungependa kuvaa ya kwao, utaona nyuso zao. Ni heshima kwa pande zote mbili, lakini subiri waikubali. Usiwashtukize siku ya harusi.

Rejista ya Tartani ya Uskoti, iliyoanza kazi mwaka 2009, iko wazi mtandaoni. Tafuta kwa jina la ukoo au la mahali, tazama picha, kisha nenda dukani ukijua unachotaka.

## Hatua ya 3: Kitambaa na uzito wake

Kilti kamili ya mwanamume hutumia yadi 8 za kitambaa, karibu mita 7.3. Karibu zote zimo nyuma, ndani ya marinda. Ndiyo maana inakuwa nzito, na uzito huo ndio unaoifanya iyumbe vizuri ukitembea na irudi mahali pake ukisimama. Zipo za yadi 5, nyepesi na rahisi zaidi, ila marinda yake ni ya kina kifupi na mwendo wake si ule.

Uzito wa kitambaa hutajwa kwa aunsi kwa yadi. Aunsi 16 ndicho kitambaa kizito cha jadi. Aunsi 13 ni cha kati, na ndicho ninachowashauri ndugu wanaoipeleka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat kwa sherehe. Chini ya hapo marinda huanza kupoteza mkunjo mapema, na utakuwa mtumwa wa pasi.

Tazama upindo wa chini wa kilti nzuri: haujakunjwa wala kushonwa. Ni ukingo wa kitambaa chenyewe kama kilivyotoka kwenye mtambo wa kufumia. Ukiona upindo umekunjwa na kushonwa, uliza kwa nini.

## Hatua ya 4: Vipimo vitatu

Hapa ndipo watu wanapoanguka, kwa hiyo tulia.

Dukani ukiulizwa kiuno, usitaje namba ya suruali. Suruali yako unaivaa chini ya tumbo. Kilti unaivaa juu ya kitovu au sambamba nacho. Mwenye kitambi namba zake zitapishana kwa inchi kadhaa. Kijana mmoja aliagiza kwa simu kwa namba ya jinzi, na duka likamletea kile alichoagiza. Asubuhi ya harusi tulikuwa watu watatu chumbani, mmoja ameshika kamba, mwingine ameshika bizimu, yeye amebana pumzi, na bado kulibaki upana wa viganja viwili.

Vaa shati jepesi, simama wima, tazama mbele, mpe mwenzako tepu.

Kiuno. Zungusha tepu usawa wa kitovu. Ibane kiasi, isikate. Pumua kama kawaida.

Makalio. Zungusha tepu mahali penye upana mkubwa kabisa wa makalio, ikae sambamba na sakafu. Hapa usibane hata kidogo.

Urefu. Kutoka kitovuni kushuka wima hadi katikati ya pia ya goti. Mpimaji apige magoti. Wewe usitazame chini. Kwa mtu wa kimo cha kawaida hutokea karibu inchi 24, yaani sentimita 61, lakini usiandike hiyo namba kwa sababu nimeitaja mimi. Mafundi wengi huongeza takriban inchi 2 za kitambaa kinachopanda juu ya kiuno. Hesabu hiyo ni yao. Ukiiongeza na wewe, kilti itakufika muundini.

Kwa nini kitovuni? Shika kilti uitazame nyuma. Marinda yameshonwa yakashikamana kuanzia juu hadi usawa wa makalio, na mshono huo unapanuka taratibu kufuata umbo la mwili. Chini yake marinda yako huru. Ukiishusha kilti inchi 3, sehemu iliyoshonwa kwa ajili ya makalio inakaa juu ya mapaja. Kiuno chake chembamba kinabana nyonga pana, bizimu zinavutika, na marinda yanafungukia pasipo pake. Yale uliyoyaona kwenye picha yako yametokana na hapo.

Sisi wa Pwani tuna jambo la ziada la kusahau. Mikono yetu imezoea kikoi: unakutanisha pembe mbele, unakunja, unaviringisha kiunoni, kikilegea unakikaza upya bila kufikiri. Kilti haiviringishwi. Ukiona inateremka, rudi kwenye bizimu.

## Hatua ya 5: Jaribu vazi zima siku kadhaa kabla

Mfuko ukifika, ufungue siku hiyo hiyo, usisubiri asubuhi ya sherehe. Vaa kila kitu. Mambo ya kukagua:

Piga magoti sakafuni, mgongo wima. Upindo uwe juu ya sakafu kwa inchi 1 hivi. Ukigusa sakafu, ama kilti ni ndefu ama umeivaa chini.

Geuka kioo kiwe ubavuni. Marinda yaanguke wima kutoka makalioni. Yakijitanua kama feni, makalio yamebana. Omba kubwa zaidi.

Kama kilti ni mpya ya kununua, kagua marinda kwa chini. Fundi huyapiga bandi kwa uzi mweupe mrefu ili yasivurugike njiani. Nyuzi hizo hutolewa kabla ya kuvaa. Zikate kwa mkasi mdogo na uzivute polepole. Nimeshaona mtu amecheza ngoma usiku kucha marinda yake yakiwa yamefungwa kwa bandi, na hakuna aliyemwambia.

## Hatua ya 6: Anza na miguu

Siku yenyewe, vaa shati kwanza, kisha soksi, kisha viatu. Kilti baadaye. Ukishaifunga kiunoni, kuinama kufunga kamba ni taabu, na marinda yanakunjika.

Soksi. Ivute hadi chini ya goti, funga kitepe chake chini kidogo ya goti, kisha pindua sehemu ya juu ya soksi ifunike mpira. Ncha mbili za kitepe zionekane chini ya pindo, upande wa nje wa mguu. Kati ya pia ya goti na pindo la soksi iachwe nafasi ya vidole vitatu au vinne. Miguu yote miwili ilingane. Hili hupimwa kwa kioo. Soksi nyeupe za maziwa ndizo zimejaa kwenye maduka ya kukodi. Mimi napenda zenye rangi iliyomo kwenye tartani yenyewe, kijani au buluu ya giza. Hazionyeshi uchafu, na mguu unaonekana umetulia.

Viatu. Kaza kamba juu ya mguu, kisha zisokote zenyewe kwa zenyewe mara tatu au nne ziwe kama kamba moja iliyosimama mbele ya kifundo. Zizungushe nyuma ya mguu, juu kidogo ya kifundo, zirudishe mbele au ubavuni, na ufunge. Usizipandishe hadi kwenye shavu la mguu. Kamba za juu huteremka zote dakika kumi baada ya kuanza kutembea.

## Hatua ya 7: Kufunga kilti

Shika kilti nyuma yako, marinda yakikuelekea mgongoni kwa nje, kila mkono umeshika ncha moja. Ncha yenye matamvua iwe mkono wa kushoto.

1. Ipandishe hadi kitovuni. Wakati unafunga, ibane kwa viwiko isiteremke.
2. Ncha ya mkono wa kulia, isiyo na matamvua, ilete mbele ya tumbo kuelekea kushoto. Ina ukanda mmoja wa ngozi. Kwenye ubavu wa kushoto wa kilti kuna tundu. Penyeza ukanda humo utokee nje, uufunge kwenye bizimu. Hii ndiyo kazi kubwa. Ikilegea hapa, chochote utakachofunga juu yake kitalegea.
3. Ncha ya kushoto, yenye matamvua, ilete kulia juu ya ile ya kwanza. Funga bizimu ya juu, ya kiunoni, barabara.
4. Bizimu ya chini, ya nyonga, ifunge bila kuivuta. Inashikilia kitambaa kilale tu. Ukiikaza, marinda ya upande wa kulia yatafunguka.

Mwanamume hufungia kulia. Ukijikuta unafungia kushoto, umeigeuza. Sketi za tartani za wanawake ndizo hufungia kushoto kwa desturi.

Sasa tazama kioo. Kitambaa cha mbele kina mstari mmoja wa katikati unaojirudia. Mstari huo ulingane na vifungo vya shati. Zungusha kilti taratibu hadi ulingane. Upindo uwe usawa mbele na nyuma, ukigusa katikati ya pia ya goti au juu yake kidogo. Kitambaa cha ndani kisichungulie chini ya kile cha nje. Kikichungulia, fungua bizimu ya kushoto, kinyanyue, funga tena. Ukipitisha mikono nyuma, marinda yaguswe kama kurasa za kitabu kilichofungwa.

Kuhusu nguo ya ndani, kwa kuwa kila mtu huniuliza: kilti ya kukodi itavaliwa na mwingine wiki ijayo. Vaa nguo ya ndani.

## Hatua ya 8: Sporani, pini na kisu

Sporani hukaa katikati, mbele. Mnyororo wake huzunguka nyonga, na kama nyuma ya kilti kuna vitanzi, upitishe humo. Kati ya mwisho wa kizibao na juu ya sporani iache nafasi ya vidole vinne. Ikining'inia chini sana itakugonga kila hatua. Mchana vaa ya ngozi isiyo na madoido. Usiku wa sherehe, ile yenye manyoya na vishada. Ndugu wa Marekani: msinunue ya ngozi ya sili. Sheria ya huko ya mwaka 1972 inazuia kuingiza bidhaa za wanyama hao, na forodha wataichukua. Sungura au ng'ombe hawana tatizo hilo.

Pini huchomwa pembe ya chini kulia, karibu na matamvua, upana wa kiganja juu ya upindo. Ichomwe kwenye kitambaa cha juu peke yake. Ukiunganisha tabaka mbili, siku utakapokaa ghafla au kupanda ngazi kitambaa kitachanika, na gharama ya kukishona ni yako. Kazi ya pini ni uzito, si kufunga.

Kisu huingia kwenye soksi ya kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, mpini tu ukionekana. Sheria ya England na Wales ya mwaka 1988 na ile ya Uskoti ya 1995 zinatambua vazi la taifa kuwa sababu ya mtu kuwa nacho. Nje ya Uingereza usitegemee hilo. Kwenye ndege kiweke kwenye begi la kukabidhi, kamwe si la mkononi. Kumbi nyingine huvikataa, na vya plastiki vya kukodi havina makali. Mimi huvaa hicho penye watoto, na sioni nilichopungukiwa.

## Hatua ya 9: Koti

Koti la suti ya kawaida halifai. Ni refu, linafunika sporani na kukata mwili mahali pabaya. Koti la kilti hukatwa fupi.

Mchana, au harusi ya kawaida: koti la Argyll, kizibao cha vifungo vitano, tai ndefu. Usiku wa heshima: koti la Prince Charlie, kizibao cha vifungo vitatu, tai ya kipepeo. Ukivaa kizibao, usivae mkanda mpana wa kilti. Bizimu yake itasukuma kizibao mbele kama umeficha kitu tumboni.

## Hatua ya 10: Kukaa, kucheza, upepo

Unapokaa, pitisha nyuma ya viganja vyako chini ya makalio ukifagia marinda yalale bapa, ndipo ukae. Mbele, acha sporani ianguke katikati ya mapaja. Uzito wake unashusha kitambaa. Magoti yakaribiane. Fanya mazoezi nyumbani kwenye kiti kifupi, maana sofa ndiyo huumbua watu.

Kwenye gari, kaa kwanza kwa upande, kisha geuza miguu yote miwili pamoja.

Muziki wa keili, yaani ngoma za Kiskoti, ukianza, sogeza sporani hadi nyonga ya kushoto. Mnyororo huteleza wenyewe. Vivyo hivyo ukiketi mezani kula.

## Baada ya sherehe

Usiiache kilti sakafuni hata usiku mmoja. Ining'inize kwa hanga yenye vibanio, ibanwe kiunoni, marinda yakiwa yamelala. Piga brashi laini kutoka juu kwenda chini. Doa lifute kwa kitambaa chenye maji baridi mara moja, bila kusugua; kwa fundi wa kusafisha kavu ipeleke mara chache tu, na usiitie kwenye mashine ya kufulia kabisa. Pasi, ukilazimika, iwe juu ya kitambaa chenye unyevu, na marinda yashikwe kwa pini kwanza. Kabatini weka dawa ya nondo, kwa sababu sufu ndiyo chakula cha watoto wao.

Ukisafiri nayo, ilaze mezani, ukunje vipande vya mbele juu ya marinda, kisha uiviringishe kwa ubavu kama mkeka, kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Iingize kwenye mguu mmoja wa soksi ndefu za nailoni za wanawake, zile za kiunoni, ukiwa umekata ncha ya vidole. Hubana sawasawa bila kuacha mikunjo. Ukifika, itungike bafuni, fungua maji ya moto, funga mlango robo saa. Mvuke utamaliza yaliyobaki.